Escherichia coli asiyedhuru na yule anayeharibu figo: tofauti yao iko wapi katika DNA?

Mwanafunzi wa Biolojia aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Vitabu ninavyosoma vinaeleza kwamba Escherichia coli ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa mwanadamu, na kwamba nasaba yake iitwayo K-12 hutumiwa katika maabara bila kudhuru watu. Vitabu hivyohivyo vinasema kwamba nasaba ya O157:H7 huleta kuharisha damu na wakati mwingine kufanya figo zishindwe kufanya kazi. Ikiwa hawa ni spishi moja, tofauti hiyo imetokana na jeni moja iliyobadilika kidogo, au kuna jambo kubwa zaidi? Je, mtu akiisoma jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, peke yake anaweza kuthibitisha kwamba bakteria fulani ni salama?

Msoma Jenomu alijibu:

Ndugu, tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Jenomu ya K-12, iliyochapishwa mwaka 1997, ina takriban jozi za besi ("herufi" za DNA) milioni 4.6, ilhali ile ya O157:H7, iliyochapishwa mwaka 2001, ina takriban milioni 5.5. Wanachoshiriki ni kama milioni 4.1 tu. DNA ya ziada ya O157:H7 haikai mahali pamoja, bali imechomekwa vipande vipande katika kromosomu nzima, na watafiti walihesabu humo jeni 1,387 ambazo K-12 hana.

Sehemu kubwa ya vipande hivyo haikurithiwa kutoka kwa seli mama, bali ilitoka nje. Mfano ulio wazi ni jeni za sumu ya Shiga, ambazo zimo ndani ya DNA ya faji, yaani virusi wa bakteria, aliyejipachika katika kromosomu na kutulia humo. Sehemu moja ya sumu hiyo hushika molekuli iitwayo Gb3, inayopatikana kwa wingi kwenye seli za mishipa midogo ya figo. Sehemu ya pili huingia ndani ya seli na kunyofoa adenini moja tu kutoka katika RNA ya ribosomu, na hapo seli haiwezi tena kutengeneza protini. Ng'ombe hubeba bakteria hawa bila kuugua kwa sababu mishipa yao ya damu haina Gb3.

Kipande kingine, kiitwacho LEE, hubeba jeni za mtambo unaofanana na sindano. Kwa mtambo huo bakteria huingiza protini ya Tir ndani ya seli ya utumbo. Tir hujitokeza kwenye utando wa seli, na bakteria huishika kwa protini yake nyingine, intimini. Kwa maneno mengine, mshambuliaji huja na kishikio chake mwenyewe, jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha kuliko yote katika mada hii.

Tabibu alijibu:

Naongeza jambo linalogusa wagonjwa moja kwa moja. Kwa kuwa jeni za sumu zimo ndani ya faji, baadhi ya antibiotiki zinazojeruhi DNA ya bakteria humwamsha faji huyo, naye huanza kuzaliana, sumu huongezeka, na seli ya bakteria hupasuka na kuimwaga. Ndiyo maana madaktari husita kutoa antibiotiki wanaposhuku maambukizi haya.

Faji hao pia huhama. Mlipuko wa Ujerumani wa mwaka 2011, uliowaambukiza watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50, haukuletwa na O157:H7 bali na O104:H4, nasaba ya kundi jingine kabisa, isiyo na LEE, iliyokuwa imepata faji mwenye sumu ya Shiga.

Mhadhiri alijibu:

Wenzangu wameeleza vyema kilichoongezwa, lakini kuna pia kilichopotea. Shigella, bakteria anayeleta kuharisha damu na ambaye kijenetiki ni Escherichia coli, amepoteza jeni ya cadA. Jeni hiyo huwezesha kutengenezwa kwa kadaverini, kemikali inayozuia utendaji wa sumu zake, na iliporudishwa kwa Shigella katika maabara ukali wake ulipungua.

Kuhusu swali lako la mwisho, jibu langu ni hapana. Vipimo hutafuta jeni kama stx1 na stx2 (za sumu ya Shiga) na eae (ya intimini), na kuzikosa kunamaanisha tu kwamba bakteria huyo hana silaha hizo. Nasaba zinazoambukiza njia ya mkojo hutumia jeni tofauti, kama zile za kujishikiza kwenye kibofu na za kunyakua madini ya chuma, na baadhi yake hukaa utumbo uleule bila kuleta dalili yoyote. Mtazame Nissle 1917, nasaba ya Escherichia coli aliyepewa jina la Alfred Nissle na kutumiwa kwa miongo mingi kama tiba ya utumbo: naye hubeba jeni za kutengeneza kolibaktini, kemikali inayoharibu DNA ya seli zetu. Kwa hiyo unapoulizwa kama nasaba fulani ni salama, uliza kwanza ni kiungo gani cha mwili kinachozungumziwa, na bakteria huyo ana jeni zipi za kuishi hapo.