Ukingo wa nyuma wa usukani wa mkia RV-9A: Pro-Seal, tepu au Cleco tu?

mjenzi_wa_baridi
Wakuu salaam. Niko Minnesota, najenga RV-9A, ile ndege ndogo ya kujijengea ya kampuni ya Van's, gereji kwangu, mkia unakaribia kuisha na sasa nimefika kwenye usukani wa mkia (rudder), kule ukingo wa nyuma ndo nimesimama. Bati zote mbili zishapigwa dimpo (vibonyeo vya kulaza vichwa vya ribiti), ile kabari ya alumini inayokaa katikati nishaichimba kauntasinki (mashimo yametanuliwa mdomo) pande zote mbili, kilichobaki ni kufunga na ribiti za AN426AD3-3.5, zile zinazotakiwa zilale bapa huku na huku. Maelekezo ya Van's yanasema ukingo usitoke kwenye mstari ulionyooka kwa zaidi ya inchi 0.1, yaani kama milimita 2.5 tu kwa urefu wote ule, na nimeona kazi za watu zimejikunja kama ndizi hadi nimeogopa kushika bunduki ya ribiti. Wengine wanasema paka Pro-Seal (ile gundi nzito ya kuziba) kwanza, wengine tepu ya 3M, wengine shikilia na Cleco tu (vile vibanio vya muda vya kuingiza kwenye mashimo) upige. Mliopita hapa mlifanyaje, na mlianza na ribiti ipi?

kamau_texas
Karibu sana bro, hapo ndio pahali watu wengi hukwama. Shida haiko kwa gundi, iko kwa mpangilio. Kila ribiti ukiipiga inasukuma bati kidogo pembeni, sasa ukianza mwisho mmoja ukaenda moja baada ya nyingine mpaka ule mwingine, hiyo alumini yote inasukumwa upande mmoja na ukingo lazima upinde, hata ungekuwa na mkono mzuri aje.

Mimi nilifanya hivi. Nilichukua engo ya alumini (ile ya umbo la L) iliyonyooka kabisa, ndefu kuliko usukani wenyewe, nikaitoboa mashimo yalingane na ya ukingo, nikapaka Pro-Seal nyembamba pande mbili za kabari, nikafunga kila kitu kwa engo na Cleco kila shimo halafu nikaiwacha siku kadhaa. Usiiguse!! Hata ukiona imekauka juu, ndani bado. Ukishatoa engo utapata ukingo ushanyooka na hausongi tena, sasa ribiti zinashikilia kitu ambacho tayari kimekaa.

Halafu laza usukani juu ya bamba la chuma, vichwa vya ribiti viangalie chini, piga kila ya kumi kwanza ukianzia katikati, rudi ujaze katikati ya hizo, rudi tena, hivyo hivyo. Na usiimalize ribiti kwa mara ya kwanza, ipige nusu tu ianze kushika. Zote zikishashika ndio unarudi na kile kichwa kipana cha bunduki unazilaza pole pole, na kila baada ya chache weka rula ndefu uangalie. Ukiona umeanza kupinda, geuza usukani upige kidogo kutoka upande wa pili, inarudi.

anga_joburg
Naongezea kwa Kamau hapo juu, kaka mjenzi, kabla hujapaka chochote angalia mashimo ya kabari. Yanatakiwa yasimame wima kwa mstari wa katikati wa usukani, siyo wima kwa bati, maana bati limeinama. Ukitoboa wima kwa bati ribiti inaingia imelala upande, na ikilala upande ukiigonga inavuta bati hata ungepanga vipi.

Kwenye gundi mimi ni mtu wa tepu. VHB, ile tepu ya 3M nyembamba ya 0.05 mm, haichafui, hainuki, haina kusubiri, na unene wake ni uleule mwanzo hadi mwisho, wakati Pro-Seal ukipaka nene mahali pamoja tayari umeshatengeneza mlima. Halafu kumbuka uzito, huo ni ukingo wa nyuma, uko mbali kabisa na bawaba, kila gramu inayoongezeka kule inapingana na kile kizito cha kusawazisha kilichoko juu mbele. Usukani usio na uwiano kwenye spidi ni hatari, hili sio suala la urembo.

kamau_texas
Tepu ni sawa, sipingi, lakini ikishashika huwezi irekebisha, ukikosea kuweka bati imeenda. Pro-Seal inakupa nafasi ya kusogeza. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza bado nasema Pro-Seal, nyembamba.

mjenzi_wa_baridi
Asanteni sana wakuu. Swali dogo, ile upande wa pili ribiti ikishalala haionekani kama kichwa cha kiwandani, inabaki kaduara kadogo kuzunguka, nipige zaidi au nisugue na msasa?

anga_joburg
Usisugue kaka, utakula alumini ya bati. Hako kaduara ni kawaida kwa ribiti ya bapa pande mbili, ikishajaa dimpo na ikalingana na bati iache hapo hapo. Ukiendelea kuipiga ndo unauanza upya ule mpindo. Rangi itafunika.

kamau_texas
Na kwa hiyo baridi yako, Pro-Seal huchukua muda mrefu zaidi kukauka. Ingiza usukani ndani ya nyumba, uegemeze kwa ukuta na engo yake, mama watoto akilalamika harufu mwambie ni ya siku chache tu.