Mrejesho: binti yangu na vigawo na vigawe

Habari zenu ndugu zangu. Wiki tatu zilizopita niliomba msaada: binti yangu wa darasa la tano alikuwa anachanganya vigawo (namba zinazoigawa namba nyingine bila kubaki kitu) na vigawe (namba unazopata ukiizidisha namba kwa 1, 2, 3 na kuendelea). Akiulizwa vigawo vya 12 anaandika 12, 24, 36. Asanteni sana mlionijibu.

Kilichotuvusha ni maharage. Yule mama aliyesema tuache daftari kwanza, Mungu ambariki. Tulihesabu punje 12, nikamwambia azipange mistari iliyo sawa. Mstari 1 wa 12, mistari 2 ya 6, mistari 3 ya 4. Alipojaribu mistari 5 zikabaki punje 2, akasema mwenyewe, "Mama, 5 siyo kigawo!" Basi vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vinaishia hapo. Vigawe tulivifanya kwa daladala: moja inaondoka kila dakika 12, nyingine kila dakika 18. Zimeondoka pamoja, zitaondoka tena pamoja lini? Ya kwanza: 12, 24, 36. Ya pili: 18, 36. Dakika ya 36, na hiyo ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika), yaani kigawe kidogo kuliko vyote ambacho 12 na 18 zote zinacho. Na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), yaani kigawo kikubwa kuliko vyote ambacho 12 na 18 zote zinacho, ni 6.

Bado anasahau kwamba 12 ni kigawo cha 12 na pia ni kigawe cha 12. Nadhani majina yanayofanana ndiyo yanayowachosha watoto, siyo hesabu yenyewe. Jana kapata 8 kati ya 10. Sasa tunaanza namba tasa (zenye vigawo viwili tu, 1 na namba yenyewe), maharage bado yapo mezani.