Mjadala: Kutekwa kwa Santa Catarina mwaka 1603 kulikuwa haki ya vita au unyang'anyi?

Ndugu zangu, naingia katika mjadala huu nikiwa na upande, na ni vyema niuseme mapema. Swali lililo mbele yetu ni kama Waholanzi walikuwa na haki walipoiteka marikebu ya Kireno iitwayo Santa Catarina, tarehe 25 Februari 1603, na kuichukua shehena yake yote. Wanaowatetea wametoa hoja tatu: kwamba Uholanzi ilikuwa vitani na mfalme wa Hispania, ambaye tangu 1580 aliitawala Ureno pia, kwamba Wareno wa Macau, bandari yao huko China, walikuwa wamewaua mabaharia 17 wa Kiholanzi, na kwamba mahakama ya Amsterdam iliamua kuwa marikebu hiyo ni ngawira halali. Kwa maoni yangu huo ulikuwa unyang'anyi, na sheria yake ilitafutwa mali ikiwa tayari mkononi.

Jacob van Heemskerck, kiongozi wa Waholanzi walioiteka marikebu hiyo, aliondoka Uholanzi mwaka 1601 kwa kazi ya biashara. Hati aliyopewa ilimruhusu kutumia nguvu kwa ajili ya kujilinda na kudai fidia ya hasara aliyotendewa, basi. Asubuhi ya siku ya kutekwa, kwenye mlango wa Mto Johor, mashariki mwa Singapore, watu wake waliiona Santa Catarina imetia nanga mbele yao, ikiwa safarini kutoka Macau kwenda Malacca, bandari nyingine ya Wareno, imesheheni hariri mbichi, kaure za China na miski, na ndani yake mna watu wapatao 700, wakiwamo wanawake na watoto. Wapiga mizinga waliagizwa walenge matanga na wasiupige ubavu, wasije wakaiharibu kwa mikono yao wenyewe mali waliyokuwa wakiitaka. Agizo hilo linanieleza nia yao kuliko kurasa zote zilizoandikwa baadaye kuwatetea, kwa maana aliyekuja kudai damu ya wenzake hatangulizi usalama wa hariri. Jioni Wareno walisalimu amri kwa sharti kwamba wataachwa hai, wakiitoa marikebu na shehena. Namtendea haki Heemskerck: ahadi hiyo aliitimiza.

Hoja nzito kuliko zote haikutajwa humu, nami nitaitaja ingawa inanipinga. Watawala wa Johor, usultani wenye mto huo, walikuwa na ugomvi wao na Wareno wa Malacca, na Raja Bongsu, ndugu wa Sultani, ndiye aliyewapa Waholanzi habari na msaada. Inaweza kusemwa, basi, kwamba mwenye maji aliridhia, na kwamba Waholanzi walipigana upande wa mtawala huru katika vita vyake halali. Nimeifikiria sana hoja hii, na inanikwaza mahali pamoja: kama vita vilikuwa vya Johor, ngawira nayo ingehukumiwa Johor. Iliyofanyika ni kwamba shehena ilivushwa bahari mbili, ikahukumiwa Amsterdam na kunadiwa papo hapo kwa takribani gilda milioni 3.5, wakati mtaji wote ulioanzishia Kampuni ya Uhindi Mashariki, VOC, mwaka 1602, ulikuwa karibu gilda milioni 6.4.

Kuhusu mahakama yenyewe sina mengi. Ilitoa hukumu tarehe 9 Septemba 1604, baada ya wenye mali kuitwa kwa tangazo na kutoonekana mtu. Mfanyabiashara wa Macau angefikaje Amsterdam, mji wa adui wa mfalme wake, kudai robota zake za hariri? Na mahakama hiyo ilikuwa ya idara ya jeshi la majini, ambayo kwa desturi ilikuwa na fungu lake katika kila ngawira. Wapo wenye hisa wa VOC, Waholanzi hao hao, walioikataa faida hiyo kwa kuona kwamba si halali kwa Mkristo, na nawaheshimu mno kwa hilo, maana hawakuwa na sababu nyingine ya kuiacha fedha mezani.

Ni wasiwasi wa watu kama hao uliowafanya wakurugenzi wa kampuni wamtafute kijana wa miaka 21, mwanasheria Hugo Grotius, awaandikie utetezi. Aliandika kitabu kizima kuhusu sheria ya ngawira, kikakaa bila kuchapishwa hadi karne ya 19, isipokuwa sura moja tu iliyotolewa mwaka 1609 bila jina lake, kwa kichwa cha Mare Liberum, yaani Bahari Huru. Hoja yake ilikuwa kwamba bahari haimilikiwi na mtu, na kwamba pasipo na hakimu, hata mtu binafsi, na kwa hiyo hata kampuni ya biashara, anaweza kutekeleza haki yake kwa silaha. Nusu ya kwanza naikubali kwa moyo wote. Sisi wa pwani hii tunajua maana ya bahari kufungwa: Wareno waliwalazimisha manahodha wa majahazi kununua cartaz, hati ya ruhusa ya kusafiri baharini, neno lililo jamaa ya karatasi yetu, na chombo kilichokutwa bila hati hiyo kiliweza kutwaliwa pamoja na mali yake. Kwa hiyo siwalilii Wareno kama dola. Naikataa nusu ya pili, inayompa mfanyabiashara mwenye mizinga kuwa mdai, hakimu na mnadi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1613 Grotius alitumwa London kujadiliana na Waingereza waliotaka kununua viungo katika visiwa vya Maluku, vilivyo Indonesia ya leo, ambako Waholanzi walikuwa wakiwazuia. Waingereza walimsomea maneno ya Mare Liberum. Alijibu kwamba Waholanzi wana mikataba na watawala wa visiwa, na mikataba hiyo inawapa wao peke yao haki ya kununua. Nawaomba ndugu mnaoitetea hukumu ya 1604 mnieleze jambo hili: kama mkataba na mtawala mmoja ulitosha kuwafungia Waingereza biashara ya Maluku, kwa nini mikataba ya Wareno huko Asia haikutosha kuwafungia Waholanzi?