Naomba ushauri: zege au udongo wa kichuguu kwa kiwanja cha kriketi Tabora?

Wakuu, heshima kwenu. Vijana wa hapa Tabora wanaolenga timu ya taifa ya kriketi chini ya miaka 19 wanahitaji njia moja ya mazoezi, yaani ule ukanda wa katikati ya kiwanja ambapo mpira unarushwa na kupigwa. Kutoka vijiti vya mwisho mmoja hadi vya mwisho wa pili ni mita 20.12, ukiongeza nafasi ya mrushaji kutua, ni kama mita 25 kwa upana wa 2.4.

Zege la sentimita 10 kwa vipimo hivyo ni mita za ujazo 6, yaani mifuko 38 hivi ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Juu unatandika mkeka wa katani, ukikazwa kwa vigingi pembeni. Usipokazwa unajikunja, mpira unapaa usoni kwa mpigaji, na mpira wenyewe ni gramu 156 hadi 163, si wa tenisi. Shida nyingine ya zege: mpira unaruka juu mno, na mrushaji anaumia visigino.

Udongo wa mbuga una mfinyanzi wa kutosha ila kiangazi unapasuka, masika unavimba. Wa kichuguu unashika vizuri zaidi, na kwa mruko uko karibu na viwanja vya nyasi vya mechi za kimataifa, lakini unataka maji na rola kila mara. Na maji ya Tabora mwezi wa tisa mnajua yalivyo haba.

Aliyewahi kushindilia kichuguu: tabaka la unene gani, na chini yake moramu (ile changarawe ya udongo ya barabarani) au kokoto? Mkeka unaweza kukaa juu yake bila kuoza masika?