Mjadala: Meneja wa tovuti ya idara ya serikali apewe mamlaka ya kukataa?

Mtoa mada

Wakuu, habari za muda huu. Humu najua kuna watu wa TEHAMA, kuna maafisa habari, na kuna wananchi waliowahi kutafuta fomu kwenye tovuti ya serikali mpaka wakakata tamaa. Nawaita wote.

Hoja yangu ni hii. Idara nyingi zina mtu anayeitwa meneja wa tovuti, ila kazi anayofanya ni ya utarishi. Analetewa faili, anapandisha. Anaambiwa "weka hii mbele", anaweka. Cheo ni cha meneja, lakini hana anachomeneji. Mimi nasema apewe mamlaka kwa maandishi: ya kukataa kinachomchanganya mwananchi na ya kushusha kilichopitwa na wakati, hata kama kimeletwa na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko chake.

Kazi hiyo niliifanya miaka minne katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na picha sita zinazopokezana: mkuu anafungua semina, mkuu anafunga semina, mkuu anapokea wageni, unaelewa. Nikakaa nikasoma maneno ambayo watu wanaandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mwezi baada ya mwezi, neno lililoongoza kwa mbali ni moja, fomu ya kuhuisha leseni. Hakuna aliyetafuta semina.

Fomu yenyewe ilikuwepo. Tatizo ilikuwepo mara tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za zamani. Kwenye injini za utafutaji iliyotangulia ilikuwa ile kongwe kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokaa miaka mingi na kuwekewa viungo kila mahali. Watu wanaichapa, wanaijaza, wanapanga foleni, wakifika dirishani wanaambiwa "siyo hii". Nikaomba ziondolewe hizo mbili. Nikaulizwa: kwa idhini ya nani? Kitengo kilichozitoa kilikuwa kimeshaunganishwa na kingine, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kutia sahihi. Ilichukua miezi mitano, na muda wote huo watu wakaendelea kurudishwa dirishani.

Nawasilisha.

Fundi wa Seva

Mkuu, nakuunga mkono nusu. Wewe unaongelea maandishi tu. Tovuti si gazeti la ukutani, tovuti ni mtambo, na mtambo unataka mtu anayejua ukilia unaliaje.

Mfano. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 serikali kuu ya Marekani ilifunga sehemu ya shughuli zake baada ya kukwama kwenye bajeti. Wafanyakazi wakapelekwa likizo bila malipo. Vyeti vya usalama zaidi ya 80 vya tovuti za serikali, yaani vile vinavyoithibitishia kompyuta yako kwamba tovuti ni ya kweli na salama, vikaisha muda bila mtu wa kuvihuisha, na baadhi ya kurasa zikawa hazifunguki kabisa. Hakuna mdukuzi hapo, ni tarehe tu ilifika na mwenye kazi hayupo.

Mwingine ni wa Hawaii, jimbo la huko huko Marekani, 13 Januari 2018. Simu za watu zililetewa tahadhari kwamba kombora linakuja. Ilikuwa kosa la mtumishi mmoja. Ujumbe wa kusahihisha ulifika kwenye simu baada ya dakika 38. Gavana alikuwa ameshajua mapema kwamba hakuna kombora, lakini akachelewa kuwaambia watu kupitia Twitter, na baadaye mwenyewe akakiri kwamba hakukumbuka namna ya kuingia kwenye akaunti yake. Sasa niambieni, katika idara yenu nani anajua nenosiri liko wapi? Mara nyingi liko kwenye simu ya kijana wa mafunzo aliyeondoka mwaka juzi. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, nalo limesajiliwa kwa barua pepe ya mzabuni.

Kwa hiyo meneja wa tovuti akae chini ya TEHAMA. Habari ya picha za mkuu tutaimaliza baadaye.

Mama Habari

Fundi, mdogo wangu, tukikuachia wewe tutapata tovuti isiyoanguka na isiyosomeka. Nimeona tovuti za mafundi. Menyu inafuata mpangilio wa ofisi: kurugenzi hii, kitengo kile, sehemu ile. Mwananchi hajui leseni yake iko kurugenzi gani, na hapaswi kujua.

Ila mtoa mada naye nina neno naye. Mimi ni afisa habari, picha za semina naziweka mimi, nakiri. Unazicheka, lakini mkuu wa taasisi ya umma kuonekana anafanya nini ni sehemu ya kuwajibika. Kuna siku mwandishi wa habari atauliza "huo mkutano ulifanyika kweli?" na hiyo picha ndiyo jibu. Kosa ni kuziweka mlangoni, hilo nakubali. Kuwepo kwake si kosa.

Swali langu kubwa: hiyo mamlaka unayoitaka nani kakupa? Wewe hukuchaguliwa wala hukuteuliwa na aliyechaguliwa. Mkuu akisema taarifa hii itoke, wewe ukasema haitoki kwa sababu sentensi ni ndefu, nani anajibu kesho? Na fikiria usiku wa mlipuko wa ugonjwa. Wataalamu wamemaliza kuandika saa tano, inatakiwa itoke saa tano na dakika moja. Meneja wako anasema "haijakidhi viwango vya uandishi". Watu watakufa huku wewe unarekebisha koma!

Msikilizaji

Mama Habari, naomba niingie hapo hapo kwenye usiku wa dharura.

Mimi sioni. Natumia kisoma skrini, programu inayonisomea kilichoandikwa. Taarifa ya dharura inayotoka saa tano na dakika moja najua inavyokuwa. Ni barua iliyochapwa, ikapigwa muhuri, ikatiwa sahihi, ikapitishwa kwenye skana, ikapandishwa kama picha. Kwangu mimi inasomeka hivi: "mchoro". Ukurasa wa pili: "mchoro". Nyinyi mmeshajua maji ya bomba yasinywewe, mimi nimejua kuna michoro miwili.

Wala si sisi tu. Mwenye simu ndogo anaivuta kulia na kushoto kama anasoma ramani. Mwenye bando la kuunga anapakua faili zito kwa sentensi nne. Na ukitafuta maneno yaliyo ndani yake hayapatikani, kwa sababu kwa kompyuta hakuna maneno mle.

Anayeuliza mamlaka inatoka wapi, sehemu kubwa inatoka kwenye sheria. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliishtaki kamati ya maandalizi ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yake haikusomeka kwa mtu kama yeye. Picha hazikuwa na maelezo ya maneno, na toka ukurasa wa ratiba hakuweza kufika kwenye orodha ya michezo. Kamati ikajitetea kwamba kurekebisha kungechukua muda mrefu na fedha nyingi. Tume ya haki za binadamu ya huko haikukubali. Agosti 2000 ikaamuru tovuti irekebishwe kabla ya 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Kamati ikarekebisha baadhi tu, ikaishia kumlipa fidia ya dola 20,000 za Australia.

Hiyo ni zaidi ya miaka 20 iliyopita. Viwango vya kimataifa vya tovuti zinazofikika na watu wote vimeandikwa, vikahuishwa tena na tena, toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Meneja wa tovuti anayekataa barua ya picha hajiinui juu ya mkuu wake. Anamkinga na kesi.

Mtoa mada

Msikilizaji umenisaidia kusema nilichoshindwa kukisema. Mama Habari, sijawahi kutaka meneja akatae *habari*. Mkuu akisema maji yasinywewe, hilo linatoka, na linatoka saa hiyo hiyo. Anachokataa ni *umbo*. Zile sentensi nne ziandikwe kama maandishi. Kuandika kunachukua dakika mbili, skana yenyewe inachukua zaidi.

Mtunza Nyaraka

Vijana, nimewasoma. Mimi nimestaafu, kazi yangu ilikuwa masijala. Mnabishana juu ya kupandisha, mimi nina wasiwasi na kushusha.

Mtoa mada anataka meneja awe na mamlaka ya kushusha. Vizuri. Sasa anakuja mkuu mpya. Wiki ya kwanza anaona tovuti imejaa mipango ya yule aliyetangulia, ahadi zake, ripoti zake, pamoja na takwimu ambazo zikilinganishwa na za mwaka huu zitaleta maswali. Anamwita nani? Anamwita huyo huyo mwenye mamlaka ya kushusha, anamwambia "safisha". Mmempa kijana kisu mkidhani atakatia magugu tu.

Wenzetu walishaliona. Marekani tangu 2008, kila muhula wa urais unapokwisha, maktaba na taasisi kadhaa, zikiwemo Library of Congress na Internet Archive, hukusanya nakala za tovuti za serikali kabla hazijabadilika. Uingereza hifadhi ya nyaraka ya taifa ina kumbukumbu ya tovuti za serikali. Ukurasa wa serikali ni waraka wa serikali, na waraka hautupwi kwa sababu umechakaa.

Ile fomu yako kongwe isingefutwa. Ingeandikwa juu kwa herufi kubwa: haitumiki tena tangu tarehe fulani, mpya iko hapa. Au ile anwani yake impeleke mtu moja kwa moja kwenye fomu mpya, na ya zamani iwekwe hifadhini. Anwani isife. Hiyo anwani imo kwenye barua za watu, kwenye hukumu za mahakama, kwenye vitabu vya shule.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Hapo umenipata, na sitajitetea. Katika miaka yangu minne niliwahi kuambiwa nishushe ripoti moja, nikaishusha, na sikuandika popote nani aliagiza wala lini. Sikuiona kuwa jambo kubwa. Leo mtu akiniuliza iko wapi sina jibu.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Kukataa umbo, ndiyo. Kuweka alama ya "haitumiki" na kuelekeza kwenye kipya, ndiyo, bila kusubiri sahihi ya kitengo kilichokufa. Kufuta kabisa, hapana, isipokuwa kwa maandishi yenye jina la aliyeagiza na sababu, na nakala ibaki masijala.

Mtunza Nyaraka

Marahaba. Na daftari la kilichoshushwa lionekane kwa wananchi. La sivyo na lenyewe litashushwa.

Fundi wa Seva

Mzee umenifurahisha. Nami niseme kitu kuhusu swali la kukaa chini ya nani, kwa sababu naona nilipayuka. Tovuti ya bima ya afya ya Marekani, HealthCare.gov, ilifunguliwa 1 Oktoba 2013. Siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha kupitia tovuti hiyo walikuwa sita. Sita! Kampuni za zabuni zilizoijenga zilizidi 30, zilizojaa mafundi kuliko mimi. Wakaguzi wa wizara husika walipokuja kuandika kilichotokea, walichotaja ni kukosekana kwa kiongozi mmoja mwenye dhamana ya kazi nzima. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, hakuna aliyekuwa na tovuti.

Kwa hiyo awe TEHAMA, awe habari, sasa naona ni ugomvi wa viti. Ila ninachong'ang'ania: nenosiri na usajili wa kikoa viwe vya ofisi, si vya mtu, na angalau watu wawili wavijue.

Mama Habari

Ugomvi wa viti nao una maana yake, Fundi. Mtu anayekaa ngazi nne chini ya mkuu, barua yake ya "nimekataa" haifiki juu, inafia kwa bosi wake wa pili. Umempa mamlaka kwenye karatasi tu.

Tena niwachokoze. Kwa nini kila idara iwe na meneja wake? Uingereza Oktoba 2012 walizindua GOV.UK ikachukua nafasi ya tovuti mbili kubwa za serikali, kisha wizara na taasisi nyingine zikahamia humo. Mwonekano mmoja, mtindo mmoja wa uandishi. Timu moja ya katikati inakataa kwa niaba ya wote, na mkuu wa idara hana wa kumpigia simu usiku.

Mtoa mada

Wazo zuri mpaka sheria ya leseni ibadilike Ijumaa mchana. Timu ya katikati inajua kuandika, haijui leseni. Hata huko kwa Waingereza idara zimebaki na watu wao wa kuandika na kuhuisha kurasa. Katikati kuweke kanuni, lakini lazima pawepo mtu ndani ya idara anayesikia habari korido. Mimi hiyo fomu mpya nilijua ipo kwa sababu nilikutana na dada wa dirishani wakati wa chai, akalalamika. Hakuna waraka ulioniambia.

Na kila ukurasa uwe na mwenyewe. Uandikwe ndani ya mfumo: umeandikwa na kitengo fulani, utapitiwa tarehe fulani. Tarehe ikipita bila kupitiwa, alama inajiwasha yenyewe juu ya ukurasa, kila mwananchi anaiona. Hapo meneja hagombani na mtu. Utashangaa wakuu wa vitengo wanavyokumbuka kurasa zao.

Mama Habari

Hiyo ya alama kujiwasha nitaipeleka kwenye kikao, ingawa najua wa kwanza kuumbuka ni kitengo changu.

Msikilizaji, ndugu yangu, nikuulize kitu kimoja cha kazi. Barua yenye muhuri siwezi kuiacha, watu wasipouona wanasema taarifa ni ya kughushi, na simu zinaanza kuita. Nikiiweka ile barua, halafu chini yake nikaandika maneno yote kwa maandishi ya kawaida, inatosha?

Msikilizaji

Geuza, mama. Maandishi yawe juu, barua ya muhuri ifuate chini. Kisoma skrini huanza juu.