Ukipigwa lumbesa, ni haki kutia mchanga kwenye gunia?

Ndugu zangu, kila msimu wa mavuno huku Kongwa nasikia hoja hii: mnunuzi akikulazimisha lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nawe mtilie mchanga, dawa ya moto ni moto. Mimi naipinga. Karibuni mnipinge.

Lumbesa siitetei hata kidogo. Gunia tunalolijua ni debe sita. Mnunuzi anakuja na lake lenye kilemba cha wavu, linameza saba na ushee, bei ile ile. Sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini mwenye ada ya mtoto inayomsubiri, huku kwetu kwenye mvua ya msimu mmoja, atabishana na nani? Ule ni wizi wa mchana kweupe.

Msimu mmoja nilimsaidia mjomba kufungasha mahindi. Alichota mchanga korongoni, akauchekecha, akaumwaga chini katikati ya gunia, mahali ambapo bambo la mnunuzi, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, halifiki. Mdomo wa gunia niliushika mimi.

Dalali aliyeyanunua hakula yale mahindi. Alishayauza na hela yake akaondoka nayo. Miezi miwili baadaye nilikuwa kwa shangazi, Majengo, Dodoma mjini. Mtoto wake mdogo akatema tonge mkononi: "Mama, unakwaruza." Huenda haukuwa mchanga wetu, lakini kuna mtu aliutia kwa sababu zile zile za mjomba. Nilishindwa kumaliza ugali.

Mtasema, je, hasara ikimfika dalali peke yake? Hata hapo nakataa. Kijiji kilipokaa kudai mizani, mnunuzi alimwaga gunia letu moja kwenye turubai mbele ya mtendaji. Mchanga ukaonekana. Kikao kikaishia pale pale. Haki ilikuwa yetu, tukakosa mdomo wa kuidai. Mwaka uliofuata lumbesa ikaendelea, sasa mnunuzi akiiita fidia ya mchanga.

Kuuza kwa pamoja kupitia ushirika, kugoma, kuwaita watu wa Wakala wa Vipimo: najua vinachelewa, na mwenye njaa hana subira. Mjomba simlaumu sana, alikuwa amebanwa kweli. Ila kubanwa ni jambo moja, kuwa sahihi ni jingine. Anayesema alifanya haki aje hapa atueleze, na aanze na yule mtoto wa shangazi.