Kijito kinakauka kiangazi: kosa ni la mikaratusi au la mvua?

Mkulima wa Mufindi:
Ndugu wanajamvi, chini ya shamba letu kuna kijito ambacho nilipokuwa mdogo hakikukauka hata mwezi wa Oktoba. Baadaye tulipanda mikaratusi hadi ukingoni, tukiamini kwamba miti huleta maji. Juzi dumu la lita 20 lilichukua dakika tisa kujaa, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema kuwa miti yetu ndiyo inayokunywa. Je, ni kweli?

Mstaafu wa Mbeya:
Mama huyo hakukosea. Mkaratusi una majani mwaka mzima na mizizi mirefu, hivyo ukisimama bondeni hunywa maji yale yale ambayo yangelisha kijito wakati wa kiangazi. Hapa Mbeya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti walipima kwa takriban miaka kumi mabonde mawili madogo, moja la msitu wa asili na jingine lenye mashamba kwenye miteremko mikali. Lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi kiangazi, karibu mara mbili. Hata hivyo, msikimbilie kufyeka misitu: udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, nao hunywa mvua haraka hata ukilimwa. Mteremko kama ule ukiwa na udongo mzito uliokanyagwa na ng'ombe, mvua ingeteremka juu kwa juu na tope lake, isibaki chochote cha kuchujika polepole hadi Septemba.

Mwanambarali:
Naomba tusiibebeshe miti kila lawama. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi katika miaka ya 1990, na huku Usangu sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mifereji ya mashamba ya mpunga iliyoendelea kuchota maji hata baada ya mavuno. Kagueni kwanza vinyungu, yaani bustani za bondeni, na mipira ya kumwagilia iliyo juu ya kijito chenu.

Mama Njombe:
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sisi tulikata mikaratusi ya bondeni, tukapanda mivengi, miti ya asili, na huko juu matuta yakakingama mteremko.

Mkulima wa Mufindi:
Nashukuru sana, mama. Visiki vikichipua je?

Mama Njombe:
Vitachipua tu, mwanangu. Pitieni na panga kila machipukizi yanapofika magotini, mpaka kisiki kichoke.